Kilomita za Maji

Mguu wa kushoto uliniuma kwa wiki sita kabla haujavunjika. Maumivu yalikaa mahali pamoja kwenye muundi, padogo kiasi cha kuzibwa na kidole gumba. Nilipachua kwa mafuta, nikapafunga kitambaa, nikaendelea kukimbia. Wakati huo, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pembeni mwa mji wa Machakos, umri wangu miaka thelathini na mmoja, sijaoa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri ndiyo saa pekee ya siku iliyokuwa yangu mwenyewe. Sikuwa tayari kuiachia kidonda nisichokiona.

Majirani walinicheka. "Mwalimu, kwani umekuwa Mkalenjin?" Sikuwa nimeshinda chochote. Nafasi yangu bora katika mbio za nyika za wilaya ilikuwa ya kumi na tisa, na nilijivunia hiyo kumi na tisa kuliko cheti changu cha ualimu.

Asubuhi moja ya Oktoba, nikirudi kutoka upande wa Kyumbi, nilikanyaga ukingo wa lami nikasikia mlio wa kijiti kikavu. Nilianguka kwenye majani nikatapika chai yote ya asubuhi. Waliosimama ni watu wa lori la mchanga. Dereva na utingo wake walinibeba wakanilaza juu ya mchanga wenye unyevu, na hivyo ndivyo nilivyofika hospitali, nimevaa kaptura, watu wa stendi wakinitazama.

Daktari aliinua picha ya eksirei dirishani. "Mfupa huu haukuvunjika leo," akasema. "Ulikuwa na ufa tangu zamani. Leo umeumalizia tu."

"Nitakimbia lini?"

"Wewe tembea kwanza. Kukimbia tutaongea Machi."

"Sasa mpaka Machi nifanye nini?"

"Kaa."

Sikujua kukaa. Nilifundisha nikiwa juu ya magongo, jioni nikalala kitandani nikitazama plasta. Wiki ya tatu nilianza kugombana na wanafunzi bila sababu. Aliyeniokoa ni mwalimu wetu wa michezo, mzee aliyebakisha mwaka mmoja astaafu. Alikuja chumbani kwangu, akakaa kwenye kiti pekee, akaniambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia.

"Moyo wako haujui kama uko barabarani ama juu ya baiskeli. Unajua kazi tu. Plasta ikitoka, tafuta baiskeli. Mguu upumzike, mapafu yasilale."

Alichukua daftari la mazoezi ya hesabu akanipigia mistari: siku, muda, mlima. Usiku ule nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Oktoba.

Plasta ilitolewa mwisho wa Novemba, shule zikiwa zimefungwa. Mguu uliotoka ndani yake ulikuwa mwembamba, umepauka, una magamba. Wiki hiyo hiyo mpwa wangu, aliyekuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo kule Mavoko, alipiga simu ofisi ya shule, mlinzi akaja kuniita. "Mjomba, mama hawezi tena kumeza ugali. Mimi sipewi ruhusa mpaka Krismasi. Unaweza kwenda?"

Mama yake ni dada yangu mkubwa, kifungua mimba wa nyumba yetu. Mama yetu alipofariki nikiwa darasa la tano, ni yeye aliyenichukua, akasuka viondo, vikapu vya kuuza, mpaka vidole vikapinda, nami nikamaliza chuo cha ualimu. Sasa alikuwa mjane, peke yake, huko Ndithini. Madaktari wa Nairobi walikuwa wamemtazama koo, wakakuta uvimbe, wakampa dawa za maumivu na kumrudisha nyumbani. Nilijua maana yake.

Nilienda siku iliyofuata. Watu walionisifu hawakujua kwamba nilienda kwa sababu mbili. Ya kwanza ni dada yangu. Ya pili ni baiskeli nyeusi ya marehemu shemeji, nzito, yenye keria ya chuma, ambayo nilikumbuka kwamba ilikuwa bado inaning'inia ghalani.

Mvua ya Novemba haikuja mwaka ule. Mahindi yalikuwa yameota kiasi cha kiganja, yakafia hapo hapo. Tangi lilikuwa tupu, na watu wote walichota kwenye mto uliokauka, kilomita nne kutoka nyumbani, kwa kuchimba mashimo mchangani na kungoja maji yajikusanye. Nilifunga mitungi miwili ya lita ishirini kwenye keria. Kushuka kulikuwa rahisi. Kupanda na mzigo ule, mguu wa kushoto ukitetemeka kwenye pedali, nililia. Safari ya kwanza ilinichukua saa moja na dakika ishirini, kungoja maji kukiwemo. Niliandika kwenye daftari.

Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, amejifunga leso mbili, amepungua kiasi kwamba nilimtambua kwa macho tu. Alisikia nikihema kabla sijafika uani. Siku ya nne akaniuliza kwa sauti yake iliyobaki, iliyokuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya gunia:

"Mwana wa mwaitu, unaniletea maji ama uko mashindanoni?"

Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, mtoto wa mama yetu.

"Yote mawili," nikasema.

"Haya. Ukishinda uniambie."

Tulicheka, kisha akakohoa muda mrefu nikamshika mgongo. Nilimpikia uji mwepesi wa wimbi, nikauchuja kwa kitambaa, nikamlisha kwa kijiko cha chai. Kikombe kimoja kilichukua asubuhi nzima. Kilichobaki kilikuwa ni maji. Maji yaliteremka wakati uji ulipokataa, na alikunywa kidogo kidogo, kila mara, kama mtu anayetunza moto.

Na mimi nilikuwa napata nguvu. Hilo ndilo gumu kulisema. Wiki ya pili mguu uliacha kutetemeka. Nilikwenda mtoni mara mbili kwa siku, siku nyingine mara tatu, maji ya ziada nikayapeleka kwa mama jirani, aliyeniambia mbele za watu, "Kaka kama huyu ni wachache." Niliinamisha kichwa nikazipokea sifa. Jioni nilifungua daftari kabla ya kumfungulia dada vidonge vyake. Nilikuwa nimekwisha kujiambia kwamba Machi ni ya daktari. Yangu ni Februari, mbio za nyika.

Asubuhi moja mtungi wa ndani ulikuwa umeisha. Dada aliniomba niende mapema. Nilimwachia maji nusu kikombe, ndiyo yaliyobaki, nikamwambia, "Narudi sasa hivi." Mama jirani alikuwa ameenda sokoni Masinga. Kulikuwa na mawingu, hewa imepoa, miguu yote miwili myepesi kwa mara ya kwanza. Kule mtoni nilijaza mitungi nikaificha kichakani, kisha nikapanda baiskeli tupu nikakizunguka kilima upande wa nyuma, njia ndefu yenye miinuko mitatu. Nilipomaliza niliangalia saa. Nilikuwa na muda mzuri. Nikazunguka tena.

Nilipofika nyumbani kigoda kilikuwa kimepinduka. Nilimkuta kwenye tuta la chini la shamba, upande wa kwa mama jirani, amelala kifudifudi, kikombe cha bati mbele ya mkono wake. Mawingu yalikuwa yameondoka zamani na jua lilikuwa limempata vizuri. Alikuwa na udongo mdomoni. Nilidhani amekufa. Nilimgeuza, akafungua jicho moja.

"Kiu tu," akasema. "Nilikuwa na kiu tu."

Nilimbeba. Hakuwa na uzito wa mitungi yangu miwili. Nilimsafisha mdomo, nikamdondoshea maji kwa kitambaa kwa sababu kwa kijiko yalimpalia. Baadaye, kivuli kikiwa kimeingia uani, aliniuliza, "Leo ulichelewa. Ni tairi?"

"Ndiyo," nikasema. "Pancha."

Akafumba macho.

Hakuinuka tena kukaa kwenye kigoda. Niliendelea kwenda mtoni, safari moja fupi, nikimwacha mama jirani kando yake. Saa niliivua. Lakini mwili ulikuwa umekwisha kujifunza, na hata bila kuhesabu nilijua kwamba napanda haraka zaidi kuliko wiki iliyopita, na nikaona haya kwa kujua.

Siku ya tisa tangu pale nilishindwa kuubeba uongo wangu. Nilikaa kwenye mkeka kando ya kitanda nikamwambia haikuwa pancha. Nilimweleza kuhusu kilima, na kwamba nilizunguka mara mbili.

"Nilijua," akasema. "Mtu wa pancha hurudi akisukuma baiskeli. Yako niliiona ukinibeba kuingia uani, imeegemea mti, tairi zote zimejaa." Alimeza mate kwa shida. "Nipe maji."

Nilimpa. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Aliniomba nimgeuze aangalie ukutani, nikamgeuza. Alifariki siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, mama jirani akimshika mkono, nami nikiwa nje nachemsha maji ya kumwosha. Mpwa wangu alifika kesho yake na keki ya Krismasi aliyomnunulia mama ambaye hangeweza kuimeza hata kama angemkuta hai. Tulimzika kwenye ardhi ngumu iliyovunja jembe la kwanza.

Februari sikukimbia. Nilingoja Machi kama nilivyoambiwa, nikaanza kwa dakika tano, kumi, robo saa. Mwaka uliofuata, katika mbio za nyika, nilikuwa wa kumi na moja. Sijawahi kufika karibu na hapo tena. Mwalimu wa michezo, ambaye tayari alikuwa mstaafu, alikuja na mkongojo wake kunipongeza, na walimu vijana wakaniuliza nilirudi vipi baada ya mfupa kuvunjika. Niliwaambia habari za baiskeli, milima na daftari. Wawili wao walinunua baiskeli.

Mpwa wangu nilimweleza ukweli baada ya miaka mitatu, Mavoko, nyumbani kwake, mtoto wake wa kwanza akiwa mgongoni. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Vidole vyake viliacha kutembea.

"Alilala pale muda gani?" akauliza.

"Sijui alianguka lini. Mimi nilichelewa kama saa moja na nusu hivi."

Aliangalia ungo. Kisha akaendelea kuchambua, chembe moja moja, mpaka ukaisha, akaubandika mchele jikoni, akanipakulia ulipoiva. Aliponisindikiza barabarani hakunipa mkono. Miaka miwili ilipita hajaniita, hajajibu barua zangu. Kisha siku moja ya Jumapili alikuja Machakos bila taarifa, na watoto wawili, akaniuliza kama niko na chakula cha kuwapa.