Aliyepoteza Baridi Hushuka Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini nilifikiri kazi ya baridi ni starehe. Nilikuwa nimetoka Kongo, nakaa Berea, mtaa wa kilimani juu ya bandari, nikapata meli ya kubeba jodari waliogandishwa. Chifu Injinia, mzee wa maneno machache, alinikabidhi kompresa, yaani mashine inayosukuma gesi ya baridi kwenye mabomba, akasema ikizimika nitajibu mimi. Vijana, nilidhani ananitisha tu.

Baadaye tukapeleka samaki Levuka, mji wa bandari kwenye kisiwa kimoja cha Fiji. Nilibaki mdomo wazi. Berea yetu imejaa nyumba mpaka juu. Kule mlima umesimama wima nyuma ya maduka, mji mzima umebanwa kando ya maji. Zamani ulikuwa mji mkuu, lakini pa kupanukia hapakuwepo, serikali ikahamia Suva. Riziki ikabaki kiwanda cha kutia samaki makoponi. King'ora kikilia, akina mama wanaingia kazini. Kikinyamaza, siku hiyo hakuna malipo.

Tulipokaribia kufika, kompresa ikafa. Spea haikuwepo melini. Nilihangaika nayo mpaka mikono ikavimba, bure. Gatini samaki walikuwa wanachuruzika maji, mkaguzi akawakataa wote. Akina mama walikuwa wamekaa ukutani, buti miguuni, wanangoja king'ora.

Chifu akanionyesha ngazi ya kushukia gatini. "Aliyepoteza baridi hushuka mwenyewe akawaambie. Si mimi, si kapteni."

Eish! Nikashuka. Nikawaambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, nikingoja matusi, hata mawe. Mama mmoja, Mere, akavua buti, akafungua chakula chake cha mchana, akanimegea nusu ya muhogo.

"Serikali ilituhama, meli za biashara zikafuata," akasema. "Hakuna aliyekuja kutuambia uso kwa uso. Wewe umeshuka. Kula."

Nikaupokea, nikala. Nilishtuka kuliko kompresa ilivyonishtua.

Nimemalizia kazi nchi kavu, Mobeni, mtaa wa viwanda mjini kwetu, kwenye ghala la baridi. Kila mashine ilipozimika nilishuka kuwaambia wapakiaji, hata waliponinunia. Mwaka huu, asubuhi moja, tukakuta geti lina kufuli jipya. Meseji ikaingia kwenye simu zetu: ghala limefungwa, asanteni. Basi, hivyo ndivyo nilivyostaafu. Na mapatroni, wenye ghala, walikuwa ofisini juu, tunawaona kwenye vioo!

Nikakaa ukutani, nikafungua chakula changu, nikawamegea wenzangu.

"Papa, twende," mpakiaji mmoja Mkongo akaniambia. "Haiko mtu atashuka."

Nikamwambia tungoje kidogo. Tulikula mpaka chakula kikaisha, macho yangu kwenye ngazi ya ofisi. Hakuna aliyeshuka.