Niliandika "bar 2" kwenye test huku Durban, mwalimu akauliza nani kaivalisha namba kofia

Wakuu, habari za humu. Hii ni kweli tupu, chumvi nimeweka ya ladha tu.

Mimi na mama tulihamia Durban kutoka Morogoro. Tunakaa ghorofani Albert Park, mama anashinda kazini saluni.

Kule Moro nilikuwa mchekeshaji wa darasa. Huku jokes zangu zilikwama mpakani. Nikitania, watu wananiangalia kama nimewaomba nauli. Break nakula mkate wangu peke yangu kwenye bomba la maji pale shuleni. Hata mwalimu wa maths ananiita "new boy", na upya wenyewe ulishaisha.

Basi ikaja topic ya logarithms. Nikafurahi kinoma, hii naijua! Unageuza kuzidisha kuwa kujumlisha, basi.

Kwenye test: log ya 0.02. Wenzangu wakabonyeza calculator, ikawapa −1.6990.

Mimi nimelelewa na kitabu cha four figure, kile cha majedwali ya log; calculator kwetu ilikuwa kosa la jinai. Nikaandika 2.3010, ile 2 nikaichorea kistari kichwani. Bar two.

Nikapigwa alama ya kosa. Mwalimu akainua karatasi yangu: "Nani kaivalisha namba kofia?"

Darasa likalipuka.

Nikaenda ubaoni. Nikasema, "Sir, kistari ni cha ile 2 peke yake. Hasi mbili, jumlisha 0.3010. Piga uone."

Akapiga. −1.6990.

"Eish. Haya, maksi yako hii. Ila huku tunatumia calculator, sawa, sharp?"

Nikaona huu ndio wakati wangu. Nikasema, "Sir, log ya 1 ni sifuri, base yoyote ile. Yaani ukiwa mmoja, hata uhame mji, bado sifuri."

Mwalimu akafuta ubao, akaita swali linalofuata.

Break nikarudi bombani kwangu. Mara nyuma yangu: "Hey, Bar Two! Kofia umeacha wapi?"

Ni Lwazi, anayekaa mbele yangu darasani. Wenzake wanacheka. Alikuwa ananikejeli, najua.

Lakini wakuu, niligeuka kabla hajamaliza. Tangu nifike shule ile, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniita chochote.

Nilichojifunza: cha kwenu usikifute hata wakikicheka. Angalau watapata jina la kukuitia.

Wazee wa four figure mko wapi? Tupieni neno, hata la kunicheka. Nasoma kila comment, mama bado hajarudi.