Mchawi wa Sindano

Mjane mmoja aliwashonea wavuvi nyavu tangu mumewe afe, na alipopitisha sindano yake hapakuwa na samaki aliyepenya. Samaki walipoadimika, shemeji yake, nahodha mwenye mdomo mpana kuliko busara, akatangaza sokoni kwamba mama huyo ni mchawi, eti macho yake mekundu ndiyo ushahidi. Macho mekundu! Miaka ishirini ya moshi wa kuni na uzi mwembamba, nani asingekuwa nayo?

Wanaume wazima wakawa wanakwepa kibaraza chake kama vifaranga walioona mwewe. Nyavu wakazishona wenyewe, kwa mafundo ya kufungia mbuzi. Samaki waliporudi, walipita kwenye matundu wakaenda zao.

Shemeji akaja na wavu begani, kwa mlango wa uani.

"Shemeji, nisaidie kimyakimya."

"Kimyakimya? Mbona kunitukana hukunong'ona?" akamjibu. "Nenda palepale sokoni ukaseme ulinisingizia. Nitakuja na sindano."

Akaenda, akasema, jasho likimtiririka. Mama akaushona wavu mbele ya watu wote, taratibu, bila kumtazama hata mara moja.