Hodi kwa Panya

Mama yangu alinifundisha kwamba palipo na kiumbe chenye pumzi hapaingiwi bila hodi. Kwa hiyo, nilipopewa kazi ya kutunza panya weupe kwenye maabara moja hapa Mwanza, kila asubuhi nilibisha mlangoni, "Hodi wenyewe!", ndipo nikaingia na chakula. Wenzangu walinicheka. Wacheke tu, panya wangu walikuwa wanene.

Juu ya vizimba kuna kamera, na chini ya kila kizimba sakafu inayohisi nyayo. Kompyuta inaandika yenyewe, mwezi hadi mwezi, nani amekimbia na nani amejikunyata.

Siku moja daktari anayefanya utafiti, binti wa Kagera mwenye adabu zake, aliniita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akanionyesha mstari kwenye skrini, unapanda na kushuka, kisha kila asubuhi unalala kabisa.

"Hapo ndipo unapopiga hodi. Wote wanaganda. Nadhani wanakuogopa, mama. Hofu itatuharibia majibu, labda tukuhamishie kuosha vyombo."

Nilikasirika, tena sana. Waniogope mimi, ninayewabadilishia maranda ya kulalia kwa mikono yangu?

Kabla hajaamua, nikafiwa na shangazi, nikavuka ziwa kwenda Sengerema. Aliyenishikia kazi aliwalisha jioni, wala hakupiga hodi. Niliporudi nilimkuta daktari ameikodolea macho skrini. Asubuhi zote ambazo sikuwepo, saa yangu ilipofika, panya waliacha kukimbia wakatulia vilevile. Kwenye kamera walionekana wameelekea mlangoni.

"Sasa huo ni woga, au walikuwa wananisubiri?" nikamuuliza.

"Mashine inajua tu kwamba walitulia, mama. Hata mimi sielewi."

Akaniacha kwenye kazi yangu, kwa sharti kwamba niwe naingia kimya. Nilipaswa kufurahi, lakini kichwa kilikuwa kimevurugika. Mtu unaishi na viumbe muda wote huo, kumbe hujui wakikuona wanaona nini.

Jioni ile, nikikaribia nyumbani Pasiansi, niliwasikia wanangu kutoka barabarani, wanacheka na kugombania rimoti. Mimi ni mkali, mtaa mzima unajua. Nikapanda barazani, nikaita kama kawaida yangu, "Hodi!"

Ndani kukawa kimya.

Nikabaki nimesimama pale, mkono kwenye kitasa, nisijue niingie vipi.