Mji wa Teresia na Mfumo Usiobadilishwa

Imeagizwa kwamba mfumo mmoja wa kadi za matibabu utatumika nchi nzima kama ulivyo, na kwamba hakuna afisa atakayepoteza muda wa umma kugusa kilichokwisha kuandikwa. Agizo lilifika Tarime siku mtandao ulipokuwepo.

Kokushubira, afisa TEHAMA aliyehamishiwa hapa kutoka Muleba na kupanga chumba Nyamisangura, hakuwa na ubishi. Anaamini katika kutumia tena kazi za wengine. Hata mapazia yake aliachiwa na mpangaji aliyemtangulia.

Kisha akaja ofisini kwake Teresia wa kijiji cha Nyarero, pamoja na Sarah na mtoto Werema, ambaye ngiri yake ilipangiwa upasuaji Ijumaa. Bila kadi ya kaya, asingepokelewa hospitali.

"Shikamoo mama. Baba mwenye nyumba yuko wapi?"

"Marahaba. Alishakufa, hakuniachia mtoto. Huyu Sarah ni mke wangu, nimemtolea ng'ombe anizalie watoto wa mji wangu, boma langu lisife. Andika."

Mfumo ukakataa. Ndani yake, Mkuu wa Kaya alirithi sifa zote za Mume, na Mume alirithi zote za Mwanaume. Mjane aliruhusiwa, ila si mjane mwenye mke. Aliyeuandika hakuwahi kuhudhuria harusi ya Kikurya.

Kokushubira akafanya kile waandishi wa programu hufanya wakiharakishwa: akazalisha aina mpya, Mume wa Kike, irithi kwa Mume. Kadi ikatoka, ila ikagoma kufunguka mpaka Teresia apimwe tezi dume kama kila Mume.

"Mwanangu, nani kakwambia mimi ni mume? Mimi nina mji, nina ng'ombe, nina mke. Basi."

"Sasa mkuu wa kaya ni nani?"

"Si anayelisha? Kwani huko kwenu Muleba mnazaliwa wakuu?"

Sarah akacheka mpaka mtoto akaamka.

Kokushubira akafuta kile alichozalisha. Kaya haikurithi tena kwa yeyote. Iliundwa kwa vipande vilevile vya zamani, vilivyokaa tu pamoja: mwenye mji, aliyeolewa, watoto. Alhamisi jioni kadi ikasoma. Siku hizi Werema anafukuza mbuzi kwa kasi ambayo daktari hakuishauri.

Taarifa ya robo mwaka inaeleza kwamba Tarime inatumia mfumo kama ulivyo. Wilaya ya Serengeti imeomba ule wa Tarime.