Simba Aliyelala Chini ya Gari

Maneno hayo mama aliyapata kwenye foleni ya maji: gari la wapiga picha za wanyama limepita lango la hifadhi bila dereva wake. Dereva wa gari hilo ni binti yake. Aliyeyaleta alisema huenda ni gari lingine, lakini tayari yalikuwa yamemkaa mama moyoni. Siku mbili akapiga simu isiyopatikana. Nguo zilezile alizifua mara mbili.

Siku ya tatu binti anaingia, vumbi mpaka kwenye kope, anaomba maji. Kikombe anakishika kwa mkono wa kushoto.

"Wamekuambia nimeliwa?"

"Wamesema."

"Basi simba amenitema, mama. Nina chumvi nyingi."

Mama hacheki. Anautazama mkono wa kulia, umevimba hadi kwenye kiwiko.

Kazini binti wanamwita Kimya. Ana miaka tisa kwenye usukani, na kuendesha ndiyo sehemu ndogo ya kazi. Huliegesha gari upepo ukimpiga usoni, jua likiwa mgongoni mwa mpiga picha, akazima injini, wakangoja. Safari hii walingoja siku kumi na tisa ili simba jike awavushe watoto wake korongo. Kwenye televisheni itakuwa dakika nne.

Siku ya mwisho, saa nane mchana, simba alipotelea kwenye nyasi. Wakadhani ameondoka. Mpiga picha akaangusha kifuniko cha lenzi nje. Akamtazama Kimya ili akiokote. Kimya akafungua mlango, akateremsha mguu mmoja.

Karibu na gurudumu la nyuma, ncha ya mkia ikapiga vumbi. Simba alikuwa amekuja kulala kwenye kivuli cha gari, chini ya kiti cha Kimya.

Mguu akaurudisha polepole. Mlango hakuweza kuufunga, ungepiga kelele. Wala kuuachia, maana gari liliinama upande ule na ungefunguka wote. Akaushikilia. Saa mbili na dakika arobaini, mpaka simba akaamka na kuwafuata watoto wake.

Mkono ulikufa ganzi. Mpiga picha akaendesha, Kimya akalala kiti cha nyuma, ndiyo maana langoni hakuna aliyemwona.

Mama anamwambia aache kazi. Anamwambia tena. Binti anasema haachi. Mwezi ujao amepewa madereva wapya sita awafundishe, na anataka waanze na kisa cha siku hiyo.

"Mtu akichoka hakumbuki alichofundishwa," mama anasema. "Waandikie, wabandike mbele ya usukani."

Mama aliishia darasa la saba, lakini kalamu anaishika yeye. Binti anasema, mama anaandika, na mengine anaongeza mwenyewe:

Usishuke kabla hujaangalia chini ya gari, pande zote.

Usiseme mnyama ameondoka kwa sababu tu humwoni.

Usifuate kilichoanguka. Kitanunuliwa kingine.

Usiegeshe penye mteremko.

Usifunge mlango kwa kishindo.

Usione haya kumwambia mpiga picha hapana.