Orodha ya Watu Wakali

Kosa lilikuwa langu, nakiri, ingawa kwa muda mrefu niliisingizia printa.

Nilikuwa karani katika ofisi moja ndogo ya serikali, kaskazini mwa Bujumbura. Vijana wawili wa kwetu walikuwa wamevuka mpaka wa Gatumba kumfuata mhubiri wa kwenye simu, aliyewaambia kwamba dunia yote imeoza isipokuwa kambi yake ya msituni. Hawakurudi. Tukaletewa fomu ya Kifaransa ya kuwatambua walio hatarini kabla na wao hawajaondoka, nami, kwa kujiona bingwa wa lugha, nikaitafsiri asubuhi moja. Palipotakiwa watajwe wanaovutwa na itikadi kali, niliona maneno ni mengi, nikafupisha: "Taja watu wakali wa mtaa wako."

Wiki iliyofuata fomu tulizowagawia wakuu wa mitaa zilirudi zimejaa hadi pembeni. Mwalimu wa hesabu alikuwemo. Mama wakwe walikuwemo kwa wingi, pamoja na kiongozi wa kwaya aliyewafungia mlango waimbaji waliochelewa. Mkuu wa mtaa mmoja alimwandika mbwa wa fundi baiskeli. Msimamizi wangu alivua miwani, akaniuliza kwa upole kama hao wote nitawapeleka kwa mshauri, na mbwa pia. Nilitamani ardhi inimeze.

Wa kwanza kuja kulalamika alikuwa mama mmoja muuza lengalenga, ambaye mitaa miwili ilikuwa imemtaja. Alitua kapu lake la mboga juu ya mafaili yangu, akataka kujua ni nani aliyemwandika. Nikajitetea. Nikamweleza tuliyekuwa tukimtafuta hasa: mtu anayebadilika ghafla, anayejitenga na watu wake, anayesikiliza sauti moja tu. Nilijiandaa kutukanwa, lakini alikaa kwenye benchi.

"Mi niko mukali tangu zamani, na sijaua mutu," alisema. "Lakini mutoto wa kaka yangu, ule niko naye nyumbani, alikuwa ananijibu kila siku. Nikisema chumvi kidogo, ananijibu. Sasa wiki mbili ni 'ndiyo, Tanti' tu. Ule upole unaniogopesha."

Nikapekua fomu zote. Huyo mtoto wa kaka yake, binti wa miaka ishirini, hakuwemo hata kwenye moja.

Nilikwenda kwao siku hiyohiyo na muuguzi wa kituo cha afya, mwanamke asiye na haraka. Tulimkuta binti amekaa kitandani, begi dogo limefungwa miguuni pake. Hapo mzaha wote ulinitoka, nikaogopa kwelikweli. Muuguzi hakumuuliza habari za mhubiri. Alimuuliza kuhusu cherehani yake, ambayo mafuriko ya Gatumba yaliichukua pamoja na nyumba. Binti akalia, kisha akaongea hadi mchana. Mhubiri alimkataza kubishana na watu wa nyumbani, kwa sababu hao wamekwisha kupotea. Alipaswa kuvuka Jumamosi.

Hakuvuka. Tulimpatia nafasi kwenye chumba cha ushonaji cha kituo cha vijana, na muuguzi akawa anapita kumwona kila Alhamisi. Hata hivyo mwezi mzima alituitikia "ndiyo" tu, nami kila Jumamosi nilikuwa natafuta sababu ya kupita nyumbani kwao.

Halafu siku moja alikuja ofisini na shangazi yake kusaini fomu ya ufuatiliaji. Shangazi akaanza kunisimulia kwa madaha jinsi yeye mwenyewe alivyomfundisha huyu mtoto kushona. Binti akainua kichwa.

"Tanti, unadanganya. We hata kifungo haujue kushona."

Shangazi alicheka huku anafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akamwomba arudie. Akarudia, safari hii kwa sauti.

Kwenye fomu ulikuwa umebaki mstari mmoja: hali ya mhusika kwa sasa. Nikaandika "mkali". Msimamizi aliusoma, akagonga muhuri.